Shajara ya mradi: madume wa Kacheliba na kijana wa mkiani

Januari

Mradi ni huu: kununua madume waliokonda huko Pokot Kaskazini, magharibi mwa Kenya, kiangazi kikiwa kimekaza, kuwaswaga hadi Makutano, kuwapakia lori mpaka kwetu karibu na Kamukuywa, kaunti ya Bungoma, kuwanenepesha kwa nyasi na mabua, kisha kuwauza soko la Chwele watu wakianza kutafuta nyama ya sikukuu. Marehemu baba aliifanya kazi hii miaka mingi, nami niliirithi pamoja na madeni yake. Jipya safari hii ni kwamba nimemchukua mpwa wangu.

Kijana amemaliza kidato cha nne na hajajua aelekee wapi. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alinipigia simu akasema tu, "Huyu ni wako." Kwa Wabukusu hilo halihitaji maelezo. Alipotahiriwa Agosti 2018 alikuja kwangu akipiga chinyimba, kengele za mtahiriwa, nikachinja dume, nikamvika luliki shingoni, ile nyama ambayo mjomba ndiye huitoa. Kimila, basi, yeye ni mwanaume tangu mwaka huo. Mbele ya ng'ombe ni habari nyingine. Anaowajua ni wale wawili wa maziwa wa mama yake, wanaoletewa nyasi za napia horini na ambao mwendo wao mrefu ni kutoka kibandani hadi kwenye birika.

Pesa ni akiba yangu na mkopo wa chama. Lengo ni madume kumi na wanne, wa meno mawili hadi manne ya ukubwani, yaani bado vijana. Wapo majirani wanaonicheka kwamba nanunua mifupa. Waache wacheke. Dume aliyekosa chakula kiangazi, kama mifupa yake ni mipana na hana ugonjwa, akipata nyasi ya kutosha huongeza mwili haraka kuliko yule aliyeshiba mwaka mzima. Faida yote ya kazi hii iko hapo. Ndiyo maana hununui Agosti, wakati kila ng'ombe anang'aa na kila muuzaji ana kiburi.

Februari

Tumeshuka Kacheliba. Ukitoka Makutano, juu kule kwenye baridi, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, unateremka kupitia Kongelai hadi bonde la mto Suam, na joto linakupokea kabla hujafika chini. Migunga imebaki miiba. Kijana alivua sweta Kongelai na hakulivaa tena mpaka tuliporudi.

Mwenyeji wetu ni mzee wa Kipokot aliyekuwa rafiki wa baba. Urafiki wao ulikuwa wa ng'ombe, tilia kama wanavyouita: mmoja anatoa maksai, mwenzake anampa mtamba, na kuanzia hapo kuna ndama wa kudaiana ambao hawaishi hata wenye deni wakifa. Mzee anakumbuka kila ndama. Alizaliwa wakati eneo hili, Karasuk, lilikuwa chini ya utawala wa Uganda. Hali hiyo ilianza 1932 na iliisha 1970. Mpaka leo akitaja "serikali" hujui mara moja ni ipi anayoilalamikia.

Tumenunua kwa utaratibu: muuzaji aje na barua ya chifu kuthibitisha kwamba mnyama ni wake, alama na rangi ziandikwe, halafu ofisi ya mifugo itoe kibali cha kusafirisha. Bila barua hiyo, dume wa bei nafuu anaweza kukufikisha mahakamani, kwa sababu huku wizi wa mifugo si hadithi. Kijana alidhani makaratasi ni usumbufu tu. Nimempa bahasha yote aibebe yeye, ndani ya mfuko wa nailoni, kifuani.

Kuchagua nilimwachia mzee aongoze. Hakuanza na meno wala nundu. Alikaa kwenye kivuli akawatazama wakiwa wamesimama tu, muda mrefu kiasi kwamba muuzaji mmoja alikasirika akaondoa ng'ombe wake. Halafu akaomba wakimbizwe kidogo, akasikiliza. Anayekohoa baada ya mbio fupi anarudi kwa mwenyewe, hata akiuzwa kwa bei ya mbuzi. Homa ya mapafu ya ng'ombe ikiingia zizini haitoki na mmoja. Baada ya hapo ndipo akagusa: ngozi ikivutwa irudi upesi, jicho liwe na maji lakini lisitoe tongo, kwato zisiwe na ufa. Bei zilianzia Sh28,000 hadi Sh35,000. Yule wa kijivu, mwenye pembe moja iliyoinama mbele, nilimpata chini ya hapo kwa sababu alikuwa mbavu tupu.

Zaidi ya hao, mzee ametuazima maksai wake mkubwa, mtulivu, mwenye kengele shingoni. Huyo si wa kuuzwa. Ni wa kutangulia. Atarudi na kijana wa hapo tukishafika Makutano.

Machi: njiani

Sehemu hii nitaiandika kwa urefu, maana ndiyo iliyonifanya nianze shajara.

Tulikuwa wanne. Mzee mbele na maksai wake, mjukuu wake upande wa bondeni, mimi upande wa juu, mpwa wangu nyuma. Kila anayeanza kazi hii huwekwa mkiani, na kila anayewekwa mkiani hulalamika. Vumbi lote ni lako. Wanyonge wote ni wako. Walio mbele wakinywa maji safi wewe unayafikia matope. Jioni ya kwanza aliniuliza, kwa adabu lakini kwa uchungu, "Mjomba, mimi nimekosa nini?"

Mzee ndiye aliyemjibu, tena kwa swali. "Leo nani ameharisha?"

Kijana akadhani ni utani. Mzee akamweleza taratibu: dume mwekundu mwenye doa kwenye paji ametoa kinyesi cha maji tangu tulipoacha mto; yule mweusi mdogo hajacheua mchana kutwa; mmoja amekuwa akitembea akijisugua kwenye vichaka, kwa hiyo ana kitu sikioni. Yeye aliyekuwa mbele aliyajua haya kwa kugeuka mara mbili tatu. Aliyekuwa nyuma, mwenye matako ya wote kumi na wanne mbele ya macho yake, hakuona hata moja. Nilimwonea huruma kijana, lakini sikuingilia.

Baadaye tukawa tunawaingiza kwenye boma la miiba nyumbani kwa jamaa wa mzee. Kijana akasimama mlangoni akihesabu. "Kumi na wanne, wote wapo."

"Sikukuuliza wangapi. Nani hayupo?"

"Si nimesema wote wapo, mzee?"

"Kesho wakichanganyika na wa watu utabaki na idadi yako, na ng'ombe wa jirani ndani yake."

Hilo lilimwingia. Usiku, wakati fisi wanalia upande wa mto na mimi natafuta usingizi, nilimsikia akiwataja mmoja mmoja kwa rangi: mwekundu wa doa, mweusi mdogo, kijivu, yule wa mkia mweupe, kahawia wa pembe fupi. Alikosea, akaanza upya. Wapokot wana majina ya rangi na madoa ambayo Kiswahili changu hakiyafikii, na kuna machache ambayo mjukuu wa mzee alimfundisha. Waliongea mpaka moto ukazimika. Mjukuu alimweleza habari za sapana, kwamba kwao kijana akifikia kuitwa mtu mzima huchoma maksai kwa mkuki, nyama ikagawiwa kwa wazee kwa mpangilio wao, naye akakubalika kukaa nao. Mpwa wangu akamweleza habari za luliki. Nadhani walikuwa wanashindana nani aliteseka zaidi.

Mambo ya mwendo, kwa atakayefuata njia hii. Ondokeni kabla jua halijachomoza, ng'ombe wakiwa baridi. Saa za mwanzo waacheni wapige hatua, wasile sana. Jua likipanda waacheni watawanyike kidogo wachume majani njiani, kisha wapumzike kivulini mpaka makali yapungue. Ukiwaswaga kilomita kumi na tano hadi ishirini kwa siku hawapungui sana. Ukivuka hapo unaacha nyama barabarani. Usimpige wa mbele hata siku moja, maana akigeuka wote wanageuka. Aliye nyuma hachapi: anapiga mluzi, anasogea, anajionyesha ubavuni pa mnyama, na mnyama anaenda. Fimbo ni ya kuegemea. Mpwa wangu alianza na fimbo juu, akimkimbilia kila anayebaki nyuma, na kila alipokimbia wale wa katikati nao walikimbia, vumbi likawa zito zaidi kwake mwenyewe. Siku iliyofuata alikuwa anatembea polepole mpaka nikadhani amechoka. Kumbe amegundua.

Mlima wa Kongelai ndio kipimo. Barabara ya magari ipo, lakini ng'ombe hupitishwa kando, kwenye vijia vya mawe. Nusu ya mpando, yule wa kijivu alianza kuchechemea mguu wa nyuma. Kijana alipiga mluzi wa kusimama, ule aliofundishwa, mrefu halafu mfupi. Mzee mbele akasimama. Nami nikasimama, bila furaha, kwa sababu dereva wa lori alikuwa amenipigia simu mara kadhaa kwamba yuko Makutano na kwamba saa zake zinahesabika. Ng'ombe hawasafirishwi usiku. Tukichelewa kupakia, tunalipia kusubiri.

Nikamwambia, "Mwache aje polepole, tutampakia hivyohivyo."

Akasema, "Hapana, mjomba."

Alilisema mbele ya mzee, mbele ya mjukuu, na mbele ya watu wawili waliokuwa wanashuka na punda. Akakaa chini, akauinua mguu wa kijivu akaubana katikati ya mapaja yake kama mtu anayemvisha mtoto kiatu, akaingiza kidole katikati ya kwato. Kulikuwa na jiwe jembamba, na nyuma yake mwiba wa mgunga uliovunjika ndani. Jiwe lilitoka upesi. Mwiba ulimchukua muda. Aliutafuta kwa ncha ya kisu cha mjukuu, jasho linamdondoka puani, dume akitetemeka lakini hapigi teke. Ulipotoka, ulifuatwa na usaha kidogo na harufu. Aliosha kwa maji yake ya kunywa. Halafu akatangaza kwamba hatuendi popote mpaka jua lipungue.

Pesa ya kusubiri ya dereva niliilipa, na mpaka leo naona tungeweza kufika mapema bila madhara. Ila nilipoona mzee anakaa chini bila neno na kutoa ugoro wake, nilijua kwamba amri ya msafara ule ilikuwa imehama, angalau kwa mchana huo. Mzee hakaagi kwa ajili ya mtoto.

Makutano: ukaguzi wa kibali, dume kwa dume, rangi kwa rangi. Bahasha ilikuwa kavu. Lori limetandazwa mchanga sakafuni wasiteleze, tukawapanga wakubwa na wakubwa. Kitale, Kiminini, Kamukuywa. Hakuna la kusimulia.

Aprili

Mvua imeingia, na pamoja nayo kupe. Hapa ndipo wengi wanaonunua ng'ombe wa nchi kavu hupoteza mtaji. Ng'ombe wa kwetu huumwa na ndigana kali, homa inayoenezwa na kupe, wakiwa ndama. Wanaonusurika hubaki na kinga. Watafiti waliofuatilia ndama 548 huku magharibi kati ya 2007 na 2010 walikuta kwamba ndigana kali ndiyo iliyoua wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote, kwa hiyo hata wetu hawaponi bure. Sasa mlete dume mzima kutoka mahali ambapo yule kupe wa kahawia wa masikioni ni adimu, umwachie kwenye nyasi za Kamukuywa. Ni kumpeleka sadaka.

Njia ni mbili na tunatumia zote. Kwanza kunyunyizia dawa mara mbili kwa wiki. Kijana aliuliza kwa nini mara mbili, wakati jirani ananyunyizia mara moja. Kwa sababu kupe akishajishika, vijidudu vya ndigana huhitaji siku kadhaa vikikomaa kwenye mate yake kabla ya kuingia vya kutosha kwa ng'ombe. Ukimuua kabla ya hapo, umewahi. Na dawa ichanganywe kama kibandiko kinavyosema. Wanaoongeza maji ili idumu ndio wanaotufugia kupe sugu.

Pili ni chanjo, ile iliyotokana na kazi ya watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi. Ng'ombe huchomwa vijidudu hai, na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini, antibiotiki inayodumu mwilini, ili ugonjwa usipande, mwili ukajifunza. Ikishika, hukaa maisha. Shida yake ni kwamba hutunzwa kwenye naitrojeni ya maji, na mrija mmoja ukiyeyushwa unahudumia ng'ombe wengi na lazima uishe siku hiyohiyo. Mtu mmoja hawezi. Kijana ndiye aliyezunguka na baiskeli kwa majirani, hata wale wa "mifupa", mpaka idadi ikatosha. Mtaalamu alipofika alichanja wetu wote isipokuwa wa kijivu, ambaye bado alikuwa na homa kwa ajili ya ule mguu. Mnyama mwenye homa hachanjwi.

Mei

Kijivu. Kijana alihamishia godoro lake kwenye chumba cha chakula cha ng'ombe, nami nilifikiri anakwepa kelele za watoto wangu. Kila alfajiri alikuwa anapitisha mkono chini ya sikio la kila dume. Asubuhi moja aliniamsha: "Mjomba, njoo ushike." Upande wa kushoto kulikuwa na tezi, ngumu, kubwa kama limau. Dume bado alikuwa anakula. Mimi ningempita. Kipimajoto kilisoma nyuzi 41.

Daktari alikuja kabla ya saa nne, akamchoma buparvakwoni, dawa ya ndigana. Dawa hiyo ni ghali na inafanya kazi kama umewahi. Ukisubiri mpaka anapumua kwa shida na povu linatoka puani, unamlipa daktari na mchinjaji pia. Siku za kufuata kijana alimkatia nyasi laini, akamletea maji kwa ndoo, na akaniuliza maswali mengi kuliko aliyouliza shuleni kwa miaka minne, kama mama yake anavyosema. Homa ilishuka. Tezi ilichukua muda zaidi.

Daktari alimuuliza amesomea wapi. Akajibu, "Mkiani."

Juni hadi Septemba

Malisho mazuri, wameongezeka karibu nusu kilo kwa siku kwa utepe wa kupimia uzani kifuani. Mwekundu wa doa anaruka ua, tumeongeza waya. Hakuna jingine.

Oktoba

Mahindi yamevunwa, mabua tumekata na kuchanganya na molasi. Chumvi ya kulamba muda wote. Kijana ana daftari lake sasa na hanionyeshi. Nimechungulia: kila dume ana ukurasa, na juu ya ukurasa hakuna namba, kuna rangi. Kwa kijivu kuna kurasa tatu.

Mzee alipiga simu kuuliza hali. Aliongea nami kidogo, kisha akasema, "Nipe mwenye ng'ombe." Nilikuwa nishaanza kujibu kwamba ni mimi.

Novemba

Chwele. Nimemwachia auze watatu peke yake, nami nikakaa upande wa chai. Madalali walimvamia jinsi wanavyowavamia vijana wote: mmoja anashika mkono wako ndani ya shati lake na kutaja bei kwa vidole, mwingine anapiga kelele kwamba dume ana kikohozi. Alisikiliza. Kisha akamkimbiza dume mbele yao mpaka kwenye uzio na kurudi, akamsimamisha. "Nani amesikia kikohozi?" Kimya. Kwa mnyama wa namna hii nyama ni karibu nusu ya uzani wake akiwa hai, kwa hiyo wachinjaji walikuwa wanahesabu kichwani. Yeye alikuwa amehesabu nyumbani. Aliuza wa kwanza kwa Sh62,000. Wa pili alipunguza kidogo kuliko ambavyo ningepunguza. Wa tatu alikataa kuuza, akarudi naye, tukamlipia ushuru na usafiri bure. Alikuwa kijivu.

Desemba

Wote wameuzwa isipokuwa huyo. Mkopo wa chama umelipwa, mama yake amepata mabati, mimi nimepata faida ambayo si ya kujivunia wala ya kulilia. Dawa za kupe na lori zimekula zaidi ya nilivyopanga.

Sasa tuna ugomvi. Kijana anataka kijivu ahasiwe awe maksai wa kutangulia, ili tusiazime tena. Nakubali ahasiwe, lakini dume wa Kacheliba aliyezoea kuletewa maji kwa ndoo atamwongoza nani kupanda Kongelai? Zaidi ya hapo anasema msafara ujao tununue mitamba nusu, tuwachanje, tuwauze kwa wafugaji badala ya wachinjaji. Mitamba hukaa zizini muda mrefu na pesa hulala nao. Yeye anasema nimeanza kufikiri kama dalali. Mama yake anamuunga mkono, jambo ambalo halihusiani na ng'ombe.

Tumempigia mzee atuamue. Akasema ana mitamba wawili wanaotokana na yule wa baba yangu, deni ambalo mimi nilikuwa sijui kama lipo, na kwamba mwenye kuwafuata aje Februari kabla nyasi haijaisha, na asije na lori.

Mpwa wangu ameshaomba likizo kwa mama yake. Mimi bado ninapiga hesabu.